Aliyeyashusha Maduka ya Mtaa wa Narung'ombe

Mwezi Machi mwaka 2024, kampuni iliyojiita Kinara Masoko ilimfukuza kazi Candida Elisaria kwa kosa la kuwashusha wateja wawili kutoka nafasi ya kwanza ya Google, nafasi ambayo wateja hao hawakuwahi kuishika hata kwa nusu saa. Hakuiba. Hakuchelewa kazini. Hakumtukana mtu, ingawa sababu alikuwa nazo tele. Alifungua kompyuta yake barabarani, mbele ya watu wazima wenye akili zao, akawaonyesha kile ambacho mnunuzi wa mbali hukiona anapotafuta sufuria. Kwa hilo alipewa barua na saa moja ya kukusanya vitu vyake.

Candida ni mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mwenye shahada ya takwimu, aliyezaliwa Moshi na kukulia Mchafukoge, katikati ya Dar es Salaam, anakoishi mpaka leo, ghorofa ya tatu, juu ya duka la vipuri la marehemu baba yake. Kazi yake ni kuzifanya tovuti za watu zionekane juu pale mtu anapotafuta kitu mtandaoni. Wenye kazi huiita SEO, nayo haina miujiza: ni usafi, subira na kutazama. Ili kutazama vizuri, amekipachika kivinjari chake viendelezi vinne, vijiprogramu vinavyokaa pembeni juu ya dirisha na kusubiri kubofywa. Kimoja hupaka rangi nyekundu viungo vilivyokufa. Kingine humwambia picha ipi ni nzito kiasi cha kummalizia mtu bando kabla haijafunguka. Cha tatu huanika kichwa na maelezo ambayo Google huyasoma kuhusu ukurasa, na mara nyingi huanika kwamba hayapo. Cha nne, kilichomponza, humwezesha kutafuta kana kwamba yuko mji mwingine na hajawahi kufungua tovuti yoyote tangu azaliwe.

Tusimpambe kupita kiasi. Candida hana ulimi wa asali. Kwenye sendofu, sherehe ya kumuaga binti wa shangazi yake anayeolewa, aliifungua tovuti ya mwaliko akiwa mezani, akamwambia shangazi huyo, tena kwenye foleni ya chakula, kwamba kiungo cha ramani ya ukumbi kimekufa. Ilikuwa kweli, kwani nusu ya wageni walikuwa bado wanazunguka Sinza. Lakini hakuna aliyemshukuru, na tangu siku hiyo shangazi humwalika kwa simu ya dakika za mwisho.

Mkurugenzi wa Kinara, Bwana Godbless, alikuwa na viendelezi vingi kuliko vya Candida. Vilijipanga juu ya kivinjari chake safu kwa safu, kama medali za mwanajeshi mstaafu, na hakuwahi kubofya hata kimoja. Alivitunza kwa ajili ya mikutano. Aliwasha projekta, wateja wakaviona vile vialama vya rangi, wakanyamaza kwa heshima na kusaini.

Haki itendeke: Godbless hakuwa tapeli. Tapeli angejua. Yeye aliamini. Alikuwa amegundua, peke yake, kwamba kila alipotafuta kampuni bora ya masoko Dar es Salaam kwa simu yake mwenyewe, akiwa kwenye kiti chake mwenyewe, ya kwanza kutokea ilikuwa Kinara. Ugunduzi huo akaugeuza kuwa mbinu. Mteja aliagizwa kuifungua tovuti yake asubuhi na jioni, "ili Google ikuzoee." Baada ya wiki kadhaa Godbless alikuja na suti, akamwomba mteja asimame katikati ya duka lake, atafute bidhaa zake kwa simu yake. Simu, iliyojua imesimama wapi na mwenyewe hupenda kutazama nini, ilimletea duka lake. Makofi yakapigwa, soda zikafunguliwa, na kibao cha shaba kikapigiliwa juu ya mlango: NAMBA MOJA GOOGLE.

Candida alimweleza mara nyingi kwamba mtu akijitazama kwenye kioo hawezi kudai amechaguliwa kuwa mzuri wa mtaa. Godbless alimjibu kwamba ana mawazo hasi.

Balaa lilianza Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo, mahali ambapo Mzee Elimringi na Bwana Abbasi huuza vyombo vya jikoni kwa jumla, milango yao ikitazamana. Kinara iliwasajili wote wawili. Abbasi alipata kibao chake kwanza. Siku chache baadaye Elimringi alipata chake, kikubwa zaidi, kwa pilau na spika mbili.

"Mangi, hicho kibao umekitoa wapi?" Abbasi aliuliza kutoka mlangoni kwake, mikono kiunoni.

"Ulikotoa chako, Shehe. Ila changu ni cha kweli."

"Mtaa mmoja utakuwaje na namba moja wawili?"

"Kamuulize aliyekupa cha kwako. Labda walikuwa wanafanya mazoezi."

Abbasi akavuka barabara na simu yake mkononi. "Soma! Nani yuko juu hapo? Soma kwa sauti, watu wasikie!"

"Hiyo simu umeifundisha. Tazama ya kwangu."

"Na ya kwako aliifundisha nani, mkeo?"

Mikokoteni ilisimama. Mama mmoja aliyekuwa akichagua vikaango akasema kwa upole, "Si mtafute kwenye simu yangu? Mimi natoka Mbagala." Wote wawili wakamgeukia wakamwambia asiingilie mambo ya biashara.

Godbless alipigiwa simu akiwa Posta, kwenye semina. Akampigia Candida.

"Nenda Narung'ombe ukawatulize."

"Niwatulizeje, bosi? Mmoja wao lazima si wa kwanza."

"Wote ni wa kwanza, Candida."

"Haiwezekani."

"Ndiyo maana nakutuma wewe. Una shahada ya takwimu."

Candida alifika, akamwamkia Elimringi shikamoo, akajibiwa marahaba bila kutazamwa. Aliweka kompyuta juu ya maboksi ya sufuria, akawasha kiendelezi chake cha nne na kuueleza umati taratibu kwamba sasa wanatazama kwa macho ya mtu asiyemjua Elimringi wala Abbasi, mtu aliyekaa Morogoro anayetaka sufuria. Akatafuta. Ukurasa wa kwanza, hawapo. Wa pili, hawapo. Kufikia wa nne watu walikuwa wanacheka. Kwenye wa sita, chini kabisa, maduka yote mawili yalitokea yakifuatana, yakitanguliwa na darasa la mapishi lililofungwa siku nyingi.

Ndipo mahasimu wale, kwa mara ya kwanza katika maisha yao ya ujirani, wakawa kitu kimoja.

"Dada, umetufanya nini?" Abbasi aliuliza.

"Sijafanya kitu, Mzee Abbasi. Hapa ndipo mlipo."

"Tulikuwa juu mpaka ulipowasha hicho kidude," Elimringi alisema. "Watu wote wameona. Kizime!"

Candida alikizima, akafunga kompyuta. Papo hapo kila mmoja akatafuta kwa simu yake, na kila mmoja akajikuta wa kwanza.

"Nimerudi!" Abbasi akapaza sauti.

"Na mimi nimerudi! Mmeona, jamani? Kidude chake ndicho kinachoshusha!"

Umati ukaguna kukubali. Ushahidi ulikuwa mbele ya macho: kikiwashwa, wanashuka; kikizimwa, wanapanda. Watu wamepandishwa vyeo kwa utafiti mdogo kuliko huo. Candida alijaribu kueleza tofauti ya kompyuta yake na simu zao, lakini kueleza kunahitaji msikilizaji, na wasikilizaji wake walikuwa wanapeana mikono kwa kunusurika.

Wateja walitishia kuvunja mikataba. Kinara ikaitisha kikao cha nidhamu. Vicky, afisa rasilimali watu, aliyekuwa akila chakula cha mchana meza moja na Candida, alipewa jukumu la kuhoji.

"Kabla hujakiwasha hicho kiendelezi, Mzee Elimringi alikuwa wa ngapi?"

"Kwenye simu yake, wa kwanza."

"Na ulipokiwasha?"

"Kwenye kompyuta yangu, ukurasa wa sita."

"Na ulipokizima?"

"Kwenye simu yake, wa kwanza. Vicky, unanisikia ninavyosema? Kwenye simu yake."

Vicky akawageukia wajumbe. "Nadhani kila mtu amesikia."

Godbless alikuwa na huzuni ya kweli. Alimwambia Candida kwamba kipaji anacho, ila amekitumia kushusha badala ya kupandisha, akamwombea kwa Mungu mwanzo mpya.

Mwanzo mpya haukuja, kwa sababu jina lilimtangulia. Kariakoo nzima ilimjua kama Mama Mshushaji. Alipopita madukani, wenye maduka waligeuza simu zao kifudifudi. Kampuni mbili zilimwita kwenye usaili, na zote mbili zikamuuliza, kwa adabu kubwa, kama anaweza kuahidi kutokuja kazini na kompyuta yake. Mwanamke aliyesoma, aliyefanya kazi yake kwa uaminifu, akawa anachakata takwimu za tasnifu za wanafunzi waliokuwa wanataka majibu kabla ya kukusanya data. Lililomuuma si mshahara tu. Alitaka mtu mmoja, yeyote, aseme kwamba alichokionyesha kilikuwa kweli. Asipopatikana, kazi yake ilikuwa imekwisha, na uongo ungebaki umepigiliwa milangoni kwa misumari.

Mwezi Oktoba mwaka huohuo, Abbasi alipanda ngazi za Mchafukoge, akapiga hodi akiwa amevaa kanzu ya Ijumaa ingawa ilikuwa Jumanne.

"Dada Candida, nimekuja kwa miguu yangu mwenyewe."

"Karibu, Mzee Abbasi. Kaa."

Hakukaa. Mtoto wa kaka yake, Najma, alikuwa amefungua mgahawa Dodoma. Alitaka kununua sufuria kubwa, akasahau jina la duka, akatafuta mtandaoni siku nzima. Mwisho alinunua kwa mtu mwingine kabisa, ndipo akampigia: "Baba mdogo, wewe uko wapi? Huonekani!"

"Mimi nikamwambia niko namba moja," Abbasi alieleza. "Nikatazama kwenye simu, kweli niko. Basi nikaelewa. Hapa Dar uliniachia, na ninakushukuru. Lakini Dodoma kidude bado kinafanya kazi. Nakuomba, dada yangu, huko nako niondolee."

Candida aliisogeza pembeni tasnifu aliyokuwa akiichakata.

"Sijakuwekea kitu Dodoma. Duka lako halijawahi kuonekana Dodoma, wala Mbagala. Linaonekana kwenye simu yako."

"Sikulaumu. Hata mimi ningefukuzwa vile ningekasirika."

"Unanisikia lakini?"

"Nakusikia, tusibishane. Kukiondoa ni shilingi ngapi?"

Hapo Candida alijaribiwa. Angeweza kufungua kompyuta, abofye chochote, aseme tayari, achukue pesa na kuombewa dua. Jikoni jokofu lilikuwa linaunguruma bila kitu ndani. Na kama uongo ulimtoa kazini, kwa nini uongo uleule usimlishe?

"Kwa kubofya siondoi," alisema hatimaye. "Vuta kiti. Tufungue tovuti yako."

Viendelezi vyake vikafanya kazi yake halali. Viungo vyekundu vilitapakaa ukurasa mzima. Kichwa cha ukurasa, kile ambacho Google hukisoma, kilisema KARIBU SANA. Picha nzito kuliko zote ilikuwa ya Godbless akimkabidhi Abbasi kibao. Na neno sufuria halikuwemo popote.

"Mzee Abbasi, unauza nini?"

"Si unajua? Sufuria."

"Mimi najua. Hapa umemwambia nani?"

Kwa wiki kadhaa alimsumbua: picha ya kila sufuria, lita zake, bei yake, mfuniko upo au haupo, mzigo unasafirishwaje mikoani. Abbasi alitii kila agizo kwa woga wa mgonjwa anayetaka kupona. Ilipofika Februari, Najma alimpigia simu: amemwona, ukurasa wa kwanza, wa tatu kutoka juu, na ameagiza vikaango.

Abbasi alilia kwa furaha, kisha akatangaza Kariakoo nzima: "Yule mama akikushusha umeshuka, akikupandisha umepanda. Muwe naye vizuri."

Wateja wakaanza kupanda ngazi. Elimringi alikuja na boksi la hotipoti la kuomba radhi, ila alichoombea radhi ni kumkasirisha. Candida humweleza kila mmoja, tangu mwanzo, kuhusu simu na mahali na mazoea. Kila mmoja hutikisa kichwa haraka haraka, kama mtu anayezungumza na trafiki. Sasa ana ofisi yake hapohapo Mchafukoge, wasaidizi wawili, na maduka mengi yanayopata oda kutoka mikoani kwa kazi safi. Mapato ameyapata. Mtu wa kumwambia alisema kweli bado hajatokea. Vicky alimtumia ujumbe wa pongezi, akamwomba asiitazame tovuti ya Kinara.

Barua ya kumfukuza haijafutwa. Lililobadilika ni moja: tangu tarehe 1 Septemba 2025, kila mkataba wa Kinara Masoko una kifungu kinachomkataza mfanyakazi yeyote kumtafuta mteja mtandaoni kwa kifaa kisicho cha mteja mwenyewe.