Mtoto Aliyeachwa Nje na Alama ya Lugha

Umeme unaporudi asubuhi mtaani Mudzipela, Bibiane Kanyere hangoji chai. Anawasha kompyuta na kuanza kutafuta watoto.

Mama huyu wa miaka thelathini na minne ameajiriwa na shirika dogo mjini Bunia linalounganisha familia zilizotawanywa na vita. Hifadhidata yake ina maelezo ya watoto kutoka kambi nyingi, na kila maelezo yamewekewa alama ya lugha: “fr” kwa Kifaransa, “sw” kwa Kiswahili.

Mwaka jana alimpokea Agathe, mkulima aliyekimbia Djugu na kupotezana na bintiye, Adeline, njiani. Jina la mtoto halikuonekana. Bibiane akatafuta kwa maneno ya Kiswahili: doa jeusi nyuma ya sikio, mama muuza sombe, yaani majani ya muhogo. Kompyuta haikuleta kitu.

Agathe aliporudi mara ya pili na kujibiwa vilevile, aliuliza kwa sauti ya chini kama sasa avae nguo za msiba.

Swali hilo lilimnyima Bibiane raha. Akayafungua maelezo ya Kiswahili moja baada ya jingine, akagundua kwamba yale ya mkoa wao wa Ituri hayakuwa na “sw” tupu. Makarani walikuwa wameweka “sw-CD”, yaani Kiswahili cha Kongo. Agizo lake la utafutaji lilidai alama iliyo sawasawa na “sw”, basi kompyuta ikayaruka yote ya nyumbani.

“Mashini iliacha Kiswahili yetu inje,” anasema. “Na mutoto alikuwa mule mule.”

Alibadilisha agizo, ili “sw” ilete kila aina ya Kiswahili, hata yenye jina la nchi nyuma yake. Akatokea msichana aliyeandikishwa Tchomia, kando ya ziwa, mwenye doa lile nyuma ya sikio, aliyejitaja kwa jina la nyumbani tu, Deli. Alikuwa akilelewa na Martine, mkaushaji samaki.

Walipokutanishwa, mtoto hakukimbilia mtu. Alijibanza nyuma ya Martine. Agathe akapiga magoti, akamwita Deli, taratibu. Ndipo akaja.

Sasa Bibiane anarudia kila utafutaji ambao haukuzaa kitu. Bunduki zimenyamaza kidogo, na anataka kumaliza kabla barabara hazijafungwa tena.

“Batoto bamoja hatutabaona,” anasema. “Lakini nikiambia muzazi ‘hapana’, ikuwe hapana ya kweli.”