Chakula Chenye Ganda

Fundi makochi huyu, jina lake la kuzaliwa watu walishalisahau. Mtaa mzima ulimwita Tujaribu, na wala hakuonewa. Mpita njia akichungulia karakana na kusema, "Fundi, kuna kitu nimesikia kinasaidia watoto wenye usonji," nyundo ilitua chini mwenzake hajamaliza. "Tujaribu," angejibu, hata kabla ya kuuliza ni kitu gani.

Mwanawe wa pekee alikuwa na usonji, na maneno aliyatoa kwa ubahili. Baba alimpenda, tusimsingizie mtu. Tatizo mapenzi yenyewe yalikuja na chupa. Alimlisha unga wa mizizi, akamvika bangili ya sumaku, akamkataza maziwa, akamrudishia maziwa, akampaka mafuta yaliyowaleta paka wa jirani mpaka chumbani. Mtoto akabaki vilevile. Walionufaika ni paka.

Mtaalamu wa kliniki, mama mmoja mwenye subira zake, alimwambia wazi: "Baba, akipenda kulala chini ya mito mizito, mwache, inamtuliza. Muziki wa taratibu, sawa. Ila cha kumeza usimpe kabla hujaniuliza." Fundi akaitikia kwa adabu zote, akarudi nyumbani, akakoroga unga wa mizizi kwenye wali.

Hapo alijipalia makaa. Mtoto kutoongea si kutojua. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na huyu akawa akimwona baba anaingia jikoni, yeye anaingia nyuma ya kochi. Chakula akakipokea mkononi mwa mama yake tu. Jambo hilo lilimuuma fundi mpaka kwenye mfupa, ila mbele za watu alijikausha.

"We mpishi wa dawa," mkewe alimwambia, "iko siku utabaki naye peke yako. Tuone atakula nini."

Siku ikafika. Dada wa mke alijifungua kwa upasuaji, mke akafunga mkoba, akaenda kumuuguza. Fundi akapika uji, mtoto akaunusa, akausukuma. Mchana akapika wali mweupe usio na hata chumvi. Mtoto akauchambua punje kwa punje kama mnunuzi mkorofi, kisha akausukuma nao.

"Haki ya Mungu, hamna kitu humo," fundi aliapa. Lakini viapo vya namna hiyo mtoto alishavisikia, tena na mizizi imo ndani.

Jioni ikaingia mtoto hana kitu tumboni, na baba yake roho juu. Akazibeba chupa zake zote, akazimwaga mbele ya mtoto, moja baada ya nyingine. Mtoto hakugeuza hata shingo. Basi kwa kukosa la kufanya, fundi akachemsha yai.

Mtoto alilichukua. Akaligeuza huku na huku akitafuta tundu, hakuliona. Akalimenya, akalila lote, akanyoosha mkono apewe jingine. Fundi akakaa sakafuni akacheka mpaka machozi yakamtoka, na si machozi yote yalikuwa ya kicheko.

Kuanzia hapo nyumba ikawa ya maganda tu: mayai, ndizi, machungwa, karanga. Lakini mtu hawezi kulea mtoto kwa maganda. Fundi akapakua wali tena, akaanza kuula yeye, kisha akaweka mikono magotini na kunyamaza, kazi ambayo kwake ni ngumu kuliko kutengeneza kochi. Wanasema mkono mtupu haulambwi. Mtoto aliutazama ule mkono mtupu mbele na nyuma, akavuta sahani, akala. Tangu siku hiyo kila chakula alimsukumia baba aonje kwanza.

Mke aliporudi, kitu cha kwanza alikoroga uji, akampa mwanawe. Mtoto akakipokea kikombe, akakipeleka moja kwa moja kwa baba yake.

"Makubwa haya," mke alicheka. "Mchawi wa juzi leo ndiye hakimu?"

Fundi akaonja, kwa maringo kidogo. Akaonja tena. Ulimi ule ulikuwa umepitia kila chupa ya mjini. Mafuta ya samaki! Yale yale aliyoyanunua yeye, ambayo mkewe alisema ameyatupa. Akamtazama mke. Mke akaitazama sufuria.

"Kijiko kimoja tu," mke alisema kwa sauti ya chini. "Siku nyingi sasa. Niliona hajui."

Mtoto amesimama, anasubiri. Fundi alijua kwamba akisema uji ni mzuri, mtoto atakunywa na mama atabaki salama. Akisema kweli, huenda mtoto asiuamini tena mkono wa mama yake. Na mwongo mkuu wa nyumba hii alikuwa yeye mwenyewe.

"Kuna kitu humu, mwanangu," alisema.

Mtoto alikichukua kikombe, akaenda nacho kwa mama yake, akakiweka mdomoni mwake.

"Kunywa," alisema.

Mama akanywa. Alipotaka kukitoa mdomoni, mtoto akakishikilia, naye akaendelea mpaka kikombe kikawa kitupu.

"Vipi?" fundi aliuliza.

"Mbaya," mke alisema, akijifuta macho kwa kiganja. "Mbaya sana."

Akaosha sufuria, akabandika uji mwingine, safari hii mlango wa jikoni ukiwa wazi. Mtoto akaketi, akaegemea bega la baba yake, wote wawili wakiutazama mkono wa mama.