Mpiga Picha Yuko Njiani

Nianze kwa kukiri: kosa lilikuwa langu. Nikisimulia habari hii, watu humgeukia mume wangu na kumkazia macho, naye hukaa tu anatafuna karanga kana kwamba anasemwa mtu mwingine. Jamani, mwacheni. Wazo lilitoka kwangu.

Mimi nilikulia Mwanza, yeye Bujumbura. Tulikutana hapa Kigali, wote wawili tukichekwa sokoni kwa Kinyarwanda chetu cha kubahatisha, na nyumbani tukawa tunaongea Kiswahili mpaka leo, yeye cha kwao, mimi cha kwetu. Tulipooana nilikuwa na kamera moja na kazi ndogo ndogo za ubatizo. Harusi tulianza kuzipata mwaka uliofuata, na hapo ndipo nilipoona cha moto. Naingia kwenye uwanja wa watu, kamera shingoni, wananiuliza bosi wako anakuja saa ngapi. Shangazi mmoja alinikabidhi mkoba wake nimshikie, tena akanionya nisiuweke chini. Mimi ni mfupi, na siku hizo sauti yangu mbele ya watu ilikuwa inaishia kooni.

Mume wangu ni mrefu na ana sauti ya kuita watu kutoka mtaa wa pili. Siku moja, tukiwa tunakula, nikamwambia: wewe jiite mpiga picha, mimi nitapiga picha. Alicheka mpaka akapaliwa, kisha akaona sitanii.

Haki ya nani, mpango ulifanya kazi. Yeye alitangulia na kamera ya pili, amevaa koti, anasalimia wazee kwa mikono miwili. Ana kipaji ambacho sijakiona kwa mtu mwingine: akikaa dakika kumi kwenye harusi anajua nani ni shangazi wa nani, nani hasemi na nani tangu mambo ya kiwanja, na nani asisimamishwe karibu na nani. Anawapanga watu sitini kama anapanga vikombe kabatini, na kila mmoja anaamini amepewa nafasi ya heshima. Kisha anabonyeza kamera yake, nami chini ya kwapa lake nabonyeza yangu. Nyumbani mimi ndiye niliyekuwa nachagua picha za kumpa mteja. Zilizokwenda zilikuwa zangu. Alijua, nilijua, na hatukuwahi kulisema.

Kazi ikakua. Tukapata chumba cha studio, tukapata wateja wa kila namna. Waliolelewa Uganda wanataka ratiba iliyochapwa, waliolelewa Burundi wanataka kwanza mkae mnywe kitu, na sisi wa Tanzania tunasalimiana mpaka jua linahama. Kwenye ukurasa wetu wa mtandaoni kulikuwa na picha ya mume wangu ameinua kamera, amekunja uso kidogo, mtaalamu kabisa. Picha hiyo nilimpiga mimi.

Sasa, mwaka wa sita, bi harusi mmoja akaandika hapo mbele ya dunia nzima: asante kaka, una jicho la ajabu. Nilisoma nikiwa naosha vyombo. Nilivisugua vile vyombo mpaka sahani moja ikapasuka. Sikumwambia mume wangu kitu. Ningemwambia nini, na wazo ni langu? Lakini tangu siku hiyo nilikuwa nimevimba moyoni. Nilitaka mtu mmoja tu, hata mmoja, aangalie picha yangu na ajue ni mimi niliyeipiga.

Ikaja Agosti, msimu wa harusi. Jumamosi ya mwisho ya Julai ilikuwa ya umuganda, ile kazi ya jamii ya kila mwezi, asubuhi nzima watu wako barabarani na majembe na mafagio, kwa hiyo wengi walikuwa wamesogeza sherehe zao wiki iliyofuata. Mume wangu akapokea simu ya harusi ya mtaa wa Niboye, akasema ndiyo. Mimi nikapokea simu ya mtaa wa Kibagabaga, kwa ile sauti yangu ya karani ninayopokelea wateja wa mume wangu, nikasema ndiyo. Tulipogundua ni siku moja, tulishatoa ahadi kote. Hapakuwa na namna, tugawane. Aliniuliza mara tatu kama nitaweza peke yangu. Nilimjibu kwa ukali kidogo, maana rohoni nilikuwa natamani asubuhi ifike.

Kibagabaga ilikuwa gusaba, yaani siku ya upande wa mwanamume kuja kuposa rasmi. Niliingia kwanza chumbani kwa bi harusi, shangazi zake wakimfunga umushanana, lile vazi refu linalopita begani. Akawaomba watupishe dakika moja. Akaniambia nyogokuru, yaani bibi yake mzaa baba, ndiye aliyemlea baada ya mama yake kufariki. Ametoka mbali, kule karibu na mpaka wa Tanzania, na gari la kumrudisha linaondoka saa nane mchana kwa sababu hawezi kukaa sana. Alitaka picha moja na bibi huyo, katikati ya ukoo wote.

"Nyingine zote zikiharibika sitalia," akasema. "Hiyo moja nitalia."

Nikamwahidi. Nikatoka nje nimejaa nguvu, na pale mlangoni nikakutana na baba yake mdogo, msimamizi wa shughuli yote, bwana wa suti ya kijivu mwenye karatasi mkononi. Akaangalia karatasi, akaniangalia, akaangalia nyuma yangu. Mpiga picha yuko wapi?

Nilikuwa na kamera mbili shingoni. Mbili! Na mdomo wangu huu usio na breki ukajibu kabla sijauruhusu: "Yuko njiani."

Mpaka leo najiuliza kwa nini. Labda miaka sita ya kusimama chini ya kwapa la mtu si mchezo. Akanishukuru, akaandika kitu, akaenda kusimamia viti.

Basi nikawa mtu ambaye hayupo. Na hapo, sijui niseme nini, nilipiga picha ambazo sijawahi kupiga maishani. Hakuna aliyeingiza tumbo ndani, hakuna aliyeweka kola sawa. Familia mbili zimekaa chini ya mahema zikitazamana, wasemaji wao wanarushiana maneno kama kawaida. Wa upande wa mume anaomba binti, wa upande wa mke anamjibu kwamba hapa hatuna binti, labda mmepotea njia. Shangazi wanacheka mpaka magego yanaonekana. Mzee mmoja amevua kiatu anajikuna kisigino kwa raha zake. Nilipita katikati yao bure kabisa. Mpiga picha si bado hajafika?

Maposo yalikwisha na zikafika picha za ukoo. Ilikuwa saa saba. Nikawaomba wasogee. Baba mdogo akakataa kwa upole: tumsubiri mwenyewe. Saa saba na robo, tumsubiri. Saa saba na nusu dereva wa nyogokuru alishapasha gari moto, anamwuliza kila anayepita kama mizigo imekwisha. Bi harusi ananitazama kutoka chini ya hema. Nikajua nimejipalia makaa kwa mikono yangu mwenyewe.

Nikamwendea yule bwana. Nikamwambia mzee, nisamehe, hakuna anayekuja. Mpiga picha ni mimi, picha zote ulizoziona kwenye ule ukurasa nilizipiga mimi.

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Aliniangalia kwa huruma, kama anavyoangaliwa mfanyakazi anayemkingia bosi kifua, akatoa simu akampigia mume wangu, sauti ameifungulia watu wote wasikie. Mimi nikashukuru Mungu. Sasa mwenyewe atasema.

Simu ikaita, ikapokelewa, nyuma yake ngoma za Niboye. Yule bwana akauliza uko wapi. Na mume wangu mpenzi, bila hata kuvuta pumzi, akajibu:

"Niko njiani, mzee. Dakika kumi tu."

Akakata.

Watu kama thelathini wakageuka kunitazama. Mashavu yaliniwaka moto. Kama ningekuwa na mabawa, ningemfuata Niboye nikamnyonge mbele ya wateja wake.

Aliyeniokoa ni nyogokuru. Aliuliza vijana wanabishana nini, mjukuu wake akamweleza sikioni. Bibi akasema huyu mtoto amekuwa akinichungulia usoni na mashine yake tangu asubuhi, sasa mnatafuta nani mwingine? Akainuka kwa fimbo yake, akaenda mwenyewe kwenye kiti cha katikati, akakaa, akavuta umushanana wake begani.

"Huyu apige," akasema. "Huyo wa njiani atanikuta nimelala."

Nyogokuru akishakaa, nani atabaki kasimama pembeni? Wakaja wote, kwa fujo, na mimi sina wa kunipangia. Ikabidi nipige kelele. Nilipiga kelele kweli, sauti ilitoka sijui wapi, nikamhamisha mjomba wa watu kama stuli. Bi harusi akapiga magoti kando ya kiti, bibi akamshika kidevu. Nikaipata. Watu arobaini wananitazama mimi, isipokuwa baba mdogo, anayetazama geti. Mpaka kesho yuko vile kwenye ile picha.

Nilipofika nyumbani jioni sikumsalimia mume wangu. Naye hakuniuliza, jambo lisilo la kawaida kwake. Ilikuwa Jumapili baada ya misa ndipo alipofungua kompyuta mwenyewe na kuniita nione za Niboye.

Zilikuwa zimepangwa vizuri ajabu. Warefu nyuma, wafupi mbele, wagomvi wametenganishwa. Na wote amewasimamisha jua likiwa mgongoni mwao, nyuso ni kivuli kitupu. Zile za ndani zilikuwa na kitu kimoja kinachoonekana sawasawa, nacho ni pazia.

Hapo nikamtolea uvivu. Nikamwambia umenifanya mwongo mbele ya ukoo wa watu. Akajitetea kwamba ukiulizwa uko wapi kwenye simu, unasema uko njiani, kila mtu anasema hivyo. Nikamwambia na mwongo wa kwanza nilikuwa mimi, lakini nimechoka, nimechoka kabisa kuwa karani wa picha zangu mwenyewe. Nilisema mengi. Ya miaka sita yote yalitoka, pamoja na ya ile sahani.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza taratibu, macho kwenye lile pazia:

"Kwa hiyo kweli miaka yote hii sijapiga hata picha moja?"

Ningeweza kumdanganya. Yeye ni baba wa watoto wangu na nampenda. Nikafikiri sana.

"Tatu," nikasema. "Ile ya mvua ilikuwa yako."

Alicheka, kisha akaacha kucheka. Nikanyoosha mkono kuchukua simu, niwapigie watu wa Niboye kwa sauti yangu ya karani, niwaambie mashine iliharibika. Akaiweka simu mbali. Akasema hii nitaipiga mimi.

Aliwaambia tu kwamba picha zimeharibika na kwamba tunaomba wavae tena, Jumapili ijayo, na ukoo uje. Mama wa bi harusi anauza vitenge, hana mchezo, na alituweka dakika ishirini kwenye laini akitueleza alivyosikitika. Lakini Jumapili tulipofika, nguo zilikuwa zimepigwa pasi, shangazi wamekaa uani wanasukana, sufuria ziko jikoni.

Mama huyo akatoka kutupokea. Akampa mume wangu mkono, akasema karibu mpiga picha wetu. Mimi nilikuwa nyuma yake, mahali pangu pa siku zote. Mume wangu akapiga hatua moja pembeni, nikabaki wazi katikati ya uwanja, kamera kifuani, watu wote wananiona.

"Mama," akasema, na ile sauti yake ya mtaa wa pili ilikuwa ndogo, "mpiga picha ni huyu, mke wangu. Siku ile hakuwepo, ndiyo maana ziliharibika. Mimi ninachojua ni kupanga watu."

Miaka sita nililitaka neno hilo. Nilikuwa nimeiwaza furaha yake, hata nitakavyosimama. Lilipokuja nilimwona tu mume wangu, mikono haijui iende wapi, masikio yamemshuka, nikatamani kumfunika na kitenge nimpeleke nyumbani.

Yule mama alimtazama, akanitazama, akamtazama tena.

"Sasa mbona hamkusema?" akauliza. "Haya, tupange basi, chakula kinapoa."

Mume wangu akapiga makofi mawili. Akaanza na shangazi, warefu nyuma, na wale wawili wasiosemeshana akawatenganisha kwa mjomba mmoja mnene aliyefurahi kupewa katikati. Sauti yake ikarudi, ukoo mzima ukawa unamtii. Alipomaliza alisogea kando, akaniachia nafasi. Nilisubiri kwanza macho yakauke, ndipo nikainua kamera.