Mpishi Anayeokoka Kila Mwaka

Mpishi wa chuo chetu ameokoka mara saba. Kila wageni wa injili kutoka ng'ambo wanapotua na magitaa yao, mkuu wa chuo humpitia jikoni: "Mama, wasiondoke mikono mitupu. Kibarua bado unakipenda?" Basi mama huyu, mzee wa kanisa tangu sisi hatujazaliwa, hufuta vidole vinavyonuka vitunguu, huenda mbele na kupiga magoti, roho yake yote iko kwenye maharage yasiungue. Wageni hulia, hupiga picha. Mwaka huu binti wao mmoja alimshika mikono, akamuuliza kupitia mkalimani ni dhambi gani hasa anayoiacha leo. Mpishi akamtazama mkuu wa chuo, aliyekuwa akipiga makofi.

"Uongo, mwanangu," akasema. "Ila mwakani mkija nitaurudia."