Karamu ya Bwana Shuka

Wifi yangu ni fundi cherehani, na uani alikopanga palisimama mkuyu mkubwa hivi kwamba kunguru akitaka kuhama tawi alifunga chakula cha njiani. Ukibisha shauri yako, mimi nilimwona na kifurushi chake.

Mtaa wetu ulikuwa umepatana na kituo cha wanyama waliookolewa: kila nyumba ipande mche wa mkuyu, kituo kipate majani ya kuwalisha. Tukapiga makofi, tukapanda. Waliofurahi zaidi ni mbuzi. Miche iliyowaponyoka mpaka leo inatufika magotini, na mikuyu ya zamani ilishakuwa mkaa, isipokuwa ule mmoja.

Basi kila asubuhi, kabla ya kukalia cherehani, wifi alikata matawi akayapeleka kituoni kwa mbega aliyeunguzwa na nyaya za umeme. Kwa yale manyoya meupe mabegani tulimwita Bwana Shuka. Kabichi alitupa, karoti alitupa. Mtunza wanyama alituambia wazi: akikosa majani ya mkuyu, hamalizi mwezi.

"Tangu kaka yangu afe," nilimtania wifi, "umejipatia mume mwenye mkia."

"Afadhali huyu. Hanuni wala haulizi chumvi iko wapi."

Wiki iliyopita mwenye nyumba akaja na msumeno. Anataka kujenga vyumba vya kupangisha. Wifi alimpigia magoti. Mimi nikamwambia mti una jini anayependa wenye nyumba wanene. Alicheka mpaka akakohoa.

"Mama, kuni zote nitakuachia wewe," akamwambia wifi kwa upole kabisa, halafu akawasha msumeno.

Tukajaza mkokoteni. Majani machanga ya kileleni, ambayo panga la wifi halikuwahi kuyafikia, sasa yalikuwa ya kuokota. Bwana Shuka alikula kwa mikono miwili, akalala, akaamka, akala tena.

"Anadhani ni harusi," nikasema.

"Mama, na kesho mtaleta kama haya?" mtunza wanyama akauliza.

Wifi alikuwa akiyanyunyizia maji majani yaliyoanza kunyauka. "Mwache ashibe kwanza, baba."

Majani hayakudumu. Sasa asubuhi wifi anamwagilia ile miche ya magotini, mimi nafukuza mbuzi kwa fimbo. Jana tulipita kituoni. Kabichi ilikuwa palepale ilipowekwa, mbele ya Bwana Shuka. Safari hii hata kuitupa hakuitupa.