Chupa Isiyogusa Tope

Kwenye mtambo wa umeme walimwita Mama Chupa, na jina hilo lilimkaa kuliko alilopewa na wazazi wake. Mtambo ulichoma makaa ya mawe usiku na mchana, na majivu yake yakaishia katika bwawa lililomwaga maji mtoni kwa bomba. Kila Jumatatu asubuhi Mama Chupa alivaa mabuti, akashuka mpaka kwenye bomba, akachota chupa sita za kupeleka maabara.

Hakuwa na mzaha na kazi, mama yule. Kanuni ilisema chupa isiguse tope. Ikigusa, maji yamwagwe, achote upya. Wenzake walimtania, "Mama Chupa, huo mto si uupake na sabuni kabisa!" Alicheka nao, lakini kwa miaka kumi na tisa hakupeleka hata chupa moja yenye chembe ya tope. Majibu yalirudi safi, naye akatia sahihi kwa raha zake.

Mdogo wake aliishi huko mto unakoteremkia. Alipopata mimba baada ya kuhangaika miaka saba, alimuuliza jambo moja tu.

"Dada, hawa kambale wa huku wanalika kweli? Watu wanasemasema."

"Watu hawaishi maneno. Kula, mwaya, mtoto apate nguvu. Maji nayapima mimi mwenyewe."

Akala, karibu kila siku.

Mtoto akatoka wa kike. Alipotimiza miaka minne alikuwa bado hatembei bila kushikwa, hajatamka hata "mama," na kijiko kilimtetemeka mkononi. Walizunguka hospitali mpaka wakachoka kuhesabu, hadi daktari mmoja akapima nywele zake.

"Zina zebaki, tena nyingi," alisema. "Inaelekea aliipata tangu tumboni. Mama, ulikuwa unakula samaki wa wapi?"

"Wa mtoni kwetu, lakini samaki siyo, daktari." Mdogo mtu alimshika dada yake begani, kwa fahari. "Huyu ndiye anayepima maji ya mto ule, kwenye mtambo wa makaa. Habahatishi, muulize."

Daktari akamgeukia Mama Chupa, aliyekuwa amempakata mtoto. "Na tope mnapima? Zebaki ya majivu ya makaa hutuama huko chini, na kambale hula huko huko."

Mama Chupa alitamani angekuwa mvivu, mchotaji ovyo, apeleke walau chupa moja chafu katika miaka yote ile.

"Hatupimi," alisema. "Likiingia, namwaga."

"Atapona?" mdogo wake aliuliza.

"Tutamfundisha kushika vitu, labda na hatua mbili tatu," daktari alisema. "Kilichoharibika hakirudi."

Mdogo mtu aliinuka, akamtoa mtoto mapajani mwa dada yake, akaenda kukaa naye kiti cha mlangoni. Mtoto alinyoosha mikono kumtaka mama yake mkubwa, na mama yake akaikamata yote miwili, akaibana kifuani.