Ufagio na Mguu wa Mama

Nimechoka, niseme ukweli. Tangu tumzike mama, watu wanamiminika hapa Itetemia kunipa pole, na kila mmoja anakuja na hadithi yake. Mama alivyovuka Ziwa Tanganyika juu ya magunia ya karanga. Mama alivyokwama Mpanda masika nzima, akawa anauza uji mpaka barabara ikakauka. Mama alivyogombana na askari wa mpakani kwa Kilingala mpaka yule askari akamwomba radhi. Ni kweli yote, sikatai. Ila hakuna hata mmoja anayeuliza nyumbani alibaki nani. Nilibaki mimi.

Mama alikuwa mfanyabiashara wa asali na nta. Alipanda treni hapa mjini na madebe yake, akashuka Kigoma, akavuka kwenda Kongo, akarudi na vitenge. Bibi, yaani mama yake, hakuipenda kazi hiyo hata kidogo. "Mtembezi hula miguu yake," alimwambia. Mama naye, huku anakaza kamba za mzigo, hujibu, "Mkaa bure si sawa na mtembea bure." Walirushiana maneno hayohayo mpaka bibi anaingia kaburini, na mpaka leo sijui nani alishinda.

Bibi alitoka katika ukoo wa wapagazi. Kwao walishika mwiko mmoja: msafiri akishatoka, nyumba haifagiwi mpaka ije habari kwamba amefika salama. Ukifagia mapema, huko aliko ataharibikiwa. Zamani wake za wapagazi walikaa na vumbi miezi mizima, waume zao wako njiani kati ya hapa na pwani, na sisi tulikaa nalo mama akiwa Kongo. Makombo tuliokota kwa mkono. Kila treni ya Kigoma ilipoingia, bibi alinituma stesheni nikawaulize akina mama wenye mafurushi: "Shikamoo, hujakutana na mama yangu?" Kwa kawaida habari ilipatikana ndani ya wiki mbili. Nilirudi mbio, bibi ananikabidhi ufagio.

Mwaka nilipokuwa na miaka kumi, habari haikuja. Ulipita mwezi, ukapita wa pili, ikaingia Ramadhani. Majirani walipaka kuta zao chokaa, na sisi sakafuni tuna manyoya ya kuku na makapi ya mtama. Wenzangu shuleni waliniuliza kama kwetu tunalala na mbuzi. Niliona aibu, jamani, aibu ya mtoto haina dawa. Siku ya kuamkia Idi ndogo bibi alikwenda sokoni, nikafagia. Nilifagia vyumba vyote, taka nikazimwaga nyuma ya choo. Halafu hofu ikanishika, nikachota mchanga uani nikaunyunyiza sakafuni upya, bibi asijue. Hakujua. Kesho yake alikula pilau ameukalia mchanga wangu.

Mama alirudi baada ya Idi kubwa. Walimshusha kwenye treni anaegemea fimbo. Alisema lori alilopanda lilipinduka huko ng'ambo ya ziwa, mguu wa kushoto ukavunjika. Bibi akamuuliza lini. "Siku za Idi ndogo," mama akajibu. Mimi nilikuwa nimeshika kikombe chake cha maji. Usiku ule na kesho yake sikula.

Baada ya hapo alisafiri miaka mingi, akichechemea. Alifika Bujumbura, akafika Lubumbashi, na uzeeni akapanda ndege mpaka Dubai. Simu zilipokuja, alipiga kila alikofika: "Nimefika. Fagia." Hakuwa na salamu nyingine. Mimi nilikaa, nikamuuguza bibi, nikalinda nyumba. Nilikuwa na mchumba Igalula, nikamwambia tungoje mama arudi, hakungoja sana. Nilipata nafasi ya kufundisha Nzega, nikaiacha. Watu walinisifu, eti binti anampenda mama yake. Nilimpenda, ndiyo. Lakini zaidi nilikuwa naulipia ule mguu, na sikumwambia mtu.

Mwaka huu akalala kitandani, hakuinuka tena. Nilimwogesha mimi. Siku moja nilipofika kwenye mguu ule, kovu limejikunja kama ngozi ya tangawizi, nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia yote, aibu, ufagio na mchanga. "Mama, mguu huu niliuvunja mimi. Nisamehe."

Akasema, "Nani alikwambia nilikuwa narudi?"

Akanieleza taratibu, macho ameyaelekeza darini. Alipata nyumba kule Kalemie, Kongo, na mwanamume mwenye nyumba. Alishaamua kukaa. Habari hakuleta kwa sababu hakujua atwambieje. Ndipo lori likapinduka, na yule mwanamume akaja hospitali mara moja tu, asionekane tena. "Nililala pale mguu umefungwa mbao, ndipo nikawatamani ninyi. Ningekuwa na miguu yangu mizima, mwanangu, nisingerudi."

Nilikasirika. Siku zote hizo nimejifunga kwa sababu ya kosa, kumbe kosa lenyewe ndilo lililonirudishia mama. Na yeye alikuwa anajua kwamba aliniacha, akawa anakula chakula changu na kunituma maji, kimya. Nilibeba beseni, nikaenda kumwaga maji uani, nikakaa hukohuko juu ya ndoo. Niliporudi akaniambia, "Ulifanya vizuri kufagia." Nikamfunika shuka, nikamwambia alale.

Alifariki Ijumaa asubuhi. Baada ya swala ya Ijumaa wanaume walibeba jeneza, sisi wanawake tukabaki, kama ilivyo ada. Nilizisikiliza sauti zao mpaka zikapotelea njiani. Mimi nimesoma, na nyumba yangu ni ya saruji. Mambo ya bibi siyaamini. Niliingia chumbani kwa mama nikachukua ufagio.

Jirani yetu mmoja, bi mkubwa aliyemfahamu bibi na mwiko wake, alinishika mkono. "Mwanangu, hata makaburini hawajafika. Ngoja kidogo."

"Nimengoja vya kutosha, shangazi," nikamwambia. "Ufagio huu uliwahi kumrudisha mara moja."

Akaniachia. Nilifagia chini ya kitanda, nikafagia pembe zote, nikasukuma vumbi mpaka kizingitini. Kisha nikakaa mlangoni, nikamngoja.